Breki ya jetiski: ulipie au uache?

"Mtaalamu, naomba ushauri. Nataka kununua jetiski, Sea-Doo Spark ya watu watatu, nguvu za farasi 90, niiweke Mtwapa Creek, ule mkono wa bahari karibu na Mombasa. Muuzaji anazo mbili zilizotumika, za mwaka mmoja: moja ina breki ya iBR, nyingine haina. Yenye breki imezidi bei kwa kama shilingi laki moja na nusu. Rafiki zangu wananiambia breki majini ni mapambo tu, ukiachia mafuta maji yenyewe yanaikamata. Wengine wanasema ukiibana ghafla abiria anakurukia kichwani, na kwamba chumvi itaiua mwaka wa kwanza. Tutaendesha mimi na kijana wangu wa miaka 17, na Jumapili watapanda jamaa na watoto. Je, laki na nusu hiyo ina maana, au nichukue isiyo nayo kisha niongeze breki baadaye nikiona haja?"

Ndugu yangu, kwa matumizi uliyoyaeleza chukua yenye breki, ilimradi fundi aipime kabla hujalipa. Ila usiinunue kwa ile picha waliyo nayo watu wengi: unakimbia kilomita 80 kwa saa, mtumbwi unatokea mbele, unabana, mashine inasimama hapo hapo. Tukio kama hilo huenda lisikufike kamwe, na likikufika breki itapunguza madhara, haitafanya muujiza. Faida utakayoiona kila Jumapili ni ya mwendo wa chini. Mashine itawaka bila kuondoka, na itaweza kurudi nyuma. Sehemu kubwa ya laki na nusu yako inanunua fri na rivasi.

Tuanze na wale wanaosema maji yanaikamata. Hawakudanganyi, wamekupa nusu ya habari. Spark ni nyepesi, kama kilo 200 ikiwa kavu, na ukiachia mafuta kwa mwendo mkubwa utahisi kweli inavutwa nyuma. Angalia kinachofuata sasa. Jetiski ikiwa kasi inateleza juu ya maji, na inagusa kwa sehemu ndogo tu ya nyuma. Ukiachia mafuta omo, yaani sehemu ya mbele, linashuka, tumbo zima linakaa majini, na mwendo unaanguka haraka. Lakini kadiri mwendo unavyopungua, ukinzani wa maji unapungua upesi zaidi: mwendo ukibaki nusu, ukinzani unabaki kama robo. Kwa hiyo zile mita za mwisho ndizo zinazokuwa ndefu. Mashine inaendelea kuteleza kwa kilomita 15, 10, 8 kwa saa, bila kelele na bila nguvu, ikielekea kule kule ilikokuwa ikielekea. Uzito wa chombo pamoja na watu watatu juu yake, ukimfikia muogeleaji kichwani kwa mwendo wa mtu anayekimbia, unatosha kabisa kumuua.

Ongeza na ukweli kwamba binadamu anachelewa. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Kati ya jicho kuona na kidole kufanya kazi, sekunde moja imeshapita hata kwa mtu makini, na hizo mita 22 hakuna breki yoyote itakayokurudishia.

Hata hivyo jambo linaloumiza watu zaidi kwenye vyombo hivi ni usukani. Chini ya tumbo la jetiski kuna mdomo wenye wavu wa chuma. Impela, yaani pangaboi lililofungiwa ndani ya bomba, inavuta maji kupitia hapo na kuyasukuma nyuma. Bomba linakuwa jembamba kuelekea tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, ndiyo maana maji yanatoka kwa kasi, vile vile ukibana mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole gumba. Mwisho kabisa kuna nozeli inayogeuka kushoto na kulia pamoja na mikono ya usukani unayoshika. Hakuna ubao wa usukani uliozama majini kama wa mashua. Kinachogeuza chombo ni yale maji yanayotoka, na ukiachia mafuta hayatoki tena kwa nguvu. Hapo utazungusha mikono hiyo mpaka mwisho na mashine itaendelea kwenda mbele.

Sasa fikiria mtu aliyeshtuka anafanya nini. Anaachia mafuta kwanza, halafu anakata kona, na anakwenda kukigonga kile kile alichotaka kukikwepa. Mwaka 1998 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha utafiti mzima juu ya usalama wa jetiski, na hili la usukani kupotea mafuta yakiachiwa lilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyomo. Watengenezaji baadaye waliweka mifumo inayoongeza mafuta kidogo yenyewe pale dereva anapoachia huku amezungusha mikono ya usukani. Inasaidia, ila mazoea mabaya haiyafuti. Kwenye mashine isiyo na breki, njia ya kukwepa ni kubaki na mafuta kiasi na kukata kona mapema. Akili ya mtu aliyeogopa haikubali hilo kirahisi, lazima lifanyiwe mazoezi.

Breki ilikuja kujibu hapo. Sea-Doo waliitoa iBR kwenye mashine zao za mwaka 2009. Yamaha wakafuata na RiDE kwenye model za 2015, na Kawasaki nao wana yao. Zote zinafanana kwa msingi wake. Nyuma ya nozeli kuna kipande kigumu kilichopinda, tukiite kikombe. Ukiwa mbio kinakaa juu, hakigusi maji. Ukibana leva ya mkono wa kushoto, kompyuta kwanza inapunguza nguvu ya injini, kisha mota ya umeme inashusha kikombe mbele ya yale maji yanayotoka, halafu injini inapandishwa tena. Maji yaliyokuwa yakienda nyuma yanapinduliwa na kurudi kuelekea omo, chini ya tumbo. Hakuna kinachosuguliwa, hakuna padi. Ni msukumo wa jeti ule ule uliogeuzwa upande. Ukibana kidogo inashika kidogo, ukibana sana inashika sana. Hata kama kidole cha kulia bado kimeng'ang'ania mafuta, leva ya kushoto ndiyo inayosikilizwa.

Hapa kuna faida ambayo haionekani kwenye tangazo: kwa kuwa injini inasukuma maji wakati wote wa kufunga breki, nozeli nayo ina kitu cha kugeuza. Kwa mashine isiyo na breki, kupunguza mwendo na kugeuka ni mambo mawili yanayopingana. Kwa yenye breki yanaweza kwenda pamoja, ingawa mikono inaitika tofauti na ulivyozoea na inabidi ujifunze.

Kuhusu urefu wa kusimama, kampuni ilipotoa iBR ilidai mashine inasimama hadi futi 100, kama mita 30, kabla ya isiyo nayo. Hiyo "hadi" ichukue kwa uzito wake: ni kipimo cha kampuni yenyewe, kwenye hali nzuri. Na nikuambie jambo muuzaji asilopenda kulitaja. Mashine ya farasi 300, yenye uzito wa karibu kilo 370 na mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa, inaihitaji breki kuliko Spark yako. Spark ni nyepesi, maji yanaipunguza haraka, na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 80. Ungekuwa unaendesha peke yako, bahari ya wazi, mbali na watu, ningekwambia hela hiyo inunue jaketi nzuri za kuokolea na mafunzo, na breki iache.

Wewe lakini uko Mtwapa. Maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, boti zimefungwa huku na huku, na gati halikusubiri. Spark isiyo na iBR haina fri wala rivasi. Impela imeunganishwa moja kwa moja na injini, hakuna klachi, kwa hiyo injini ikiwaka tu chombo kinaanza kwenda mbele. Ukitaka kufika gatini unazima injini mita kadhaa kabla na kuomba hesabu yako iwe sawa. Ukizima mapema, mkondo unakubeba kwenye boti ya jirani. Ukichelewa, unaligonga gati. Mtoto akitaka kupanda, lazima injini iwe imezimwa, na kila ukiwasha unaondoka, utake usitake.

Yenye iBR inawaka ikiwa kwenye fri. Kikombe kinakaa katikati, maji yanagawanyika mbele na nyuma, na chombo kinatulia mahali pake. Si kutulia kabisa: huwa inajivuta kidogo kidogo, hivyo usimwachie mtoto usukani. Ukigusa mafuta kikombe kinapanda na unaenda mbele. Ukibana leva ya kushoto ukiwa umesimama unapata rivasi, na nguvu ya kurudi unaiongeza kwa leva hiyo hiyo ya kushoto, si ya kulia. Ukiiachia, inarudi fri yenyewe. Jambo moja la kuzoea: kwenye Sea-Doo ukitaka tezi liende kulia unazungusha mikono kushoto. Dereva wa gari atakosea mara za kwanza, basi akosee penye nafasi, asikosee baina ya boti mbili.

Sasa hofu ya abiria kurushwa. Ina msingi, ila imetiwa chumvi. Breki ikibanwa kwa nguvu ukiwa mbio, miili inakwenda mbele. Abiria aliyekaa wima huku ameshika simu atakugonga mgongoni, na mtoto aliyekaa mbele ya dereva atasukumwa kwenye mikono. Dawa yake ni utaratibu. Mtoto hakai mbele ya dereva, na miguu yake lazima ifike kwenye nafasi za kukanyagia na kutulia hapo. Kama haifiki, hajafikia umri wa kupanda. Kila abiria amshike dereva kiunoni au ashike kamba ya kiti. Dereva aseme neno moja kabla ya kubana kila anapopata nafasi. Spark ya watu watatu inabeba jumla ya kilo 205, abiria na mizigo pamoja. Watu wazima watatu wa kawaida wa kwetu wanaikaribia au kuipita hesabu hiyo, na ikizidishwa uzito hata breki inashika kwa shida.

Jihadhari pia na aliye nyuma yako. Breki inaposhika, maji yanarushwa juu kwa wingi, na jetiski inayokufuata inaweza isikuone kwa muda. Kama jirani yako anakimbia nyuma yako na mashine isiyo na breki, wewe ukisimama yeye hasimami. Kwa hiyo ubane baada ya kutazama nyuma, kama hali inaruhusu, na msifuatane karibu.

Breki hii ina mipaka ambayo lazima kijana wako aijue kwa moyo. Inafanya kazi injini ikiwa hai tu. Mtu akishtuka akavuta ile kamba ya ufunguo ili asimame, amezima injini, na kwa tendo hilo amejinyang'anya breki na usukani kwa pamoja. Kamba ile ni ya kuzima chombo dereva akianguka, haikuwekwa kwa ajili ya kusimamia. Pampu ikivuta hewa, mathalani umeruka wimbi, breki haina maji ya kugeuza mpaka urudi chini. Mwani au mfuko wa plastiki ukiziba wavu, msukumo wa mbele unapungua na wa breki unapungua vile vile. Ukihisi mashine inanguruma lakini haiendi, ujue na kusimama kwake kumepungua, urudi polepole.

Na usidhani rivasi inatema mwani. Impela haibadili mzunguko, ni kikombe tu kinachogeuza maji yaliyokwisha kutoka, na uvutaji wa chini unaendelea kama kawaida. (Kuna Sea-Doo kubwa chache tangu 2022 zenye mfumo wa iDF ambao kweli unazungusha impela kinyume. Spark si mojawapo.) Rivasi kwenye maji ya magoti ni mbaya zaidi: maji yanapigwa kuelekea chini na mbele, yanakoroga mchanga, na mdomo wa pampu unaufyonza mchanga huo huo. Uwe na kina cha sentimita 90 chini ya tumbo kabla ya kuwasha, na watu wakiwa wameshapanda. Maji yakiwa yamepwa, isukume kwa mkono mpaka kina kipatikane.

Chumvi je? Itaiua mwaka wa kwanza mashine isiyooshwa, iwe na breki au isiwe nayo. Ni kweli iBR inaongeza vitu vya kuharibika: mota yake, ekseli inayopita kwenye tumbo, bushi za kikombe, waya na plagi. Kinachoisumbua zaidi mara nyingi ni betri dhaifu. Mota ya kikombe inataka umeme wa kutosha, na betri iliyochoka inaleta taa ya hitilafu, wakati mwingine injini inajizuia na kwenda kwa mwendo wa kujikokota tu. Watu hukimbilia kununua mota mpya, kumbe tatizo ni betri au terminali yenye kutu. Pima betri kwanza. Mashine ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, ichaji.

Uoshaji wenyewe ni hivi. Mashine ikiwa nje ya maji, unganisha mpira wa maji yasiyo na chumvi kwenye tundu lake la kusafishia. Washa injini kwanza, ndipo ufungue maji mara moja. Ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanaweza kupanda kupitia ekzosi mpaka ndani ya injini, na hasara yake inapita bei ya breki. Usiizidishe dakika mbili ikiwa juu ya nchi kavu, maana sili ya ekseli inapozwa na maji ya bahari na hapo hayapo. Kisha mwagia maji kikombe, nozeli na maungio yake yote, juu na chini, mpaka mchanga utoke. Ufunguo uwe umetoka. Kikombe hujongea chenyewe mashine inapowashwa au kuzimwa, na kidole kilicho katikati hakitasamehewa. Wakataze pia wanaopanda kutoka majini wasikishike wala kukikanyaga. Watoto hupenda, kwa sababu kimekaa mahali penye kushikika.

Ulichouliza mwisho, kuongeza breki baadaye: ondoa wazo hilo. Tofauti haiko kwenye kikombe peke yake. Kuna mota, leva yenye sensa, wayaringi, na programu ya kompyuta inayopaswa kujua kwamba vitu hivyo vipo. Ukijumlisha spea na ufundi utapita laki na nusu mbali sana, na utabaki na mashine ambayo fundi mwingine hataki kuigusa. Ukichukua isiyo nayo, ichukue ukijua itabaki hivyo mpaka uiuze. Na siku ya kuuza, mnunuzi wa familia atakuuliza swali hili hili ulilouliza wewe.

Kama tatizo ni jumla ya fedha, kuna mlango mwingine, ukiipata ya watu watatu: Spark ya farasi 60 yenye iBR. Mwendo wake wa juu uko chini kwa kama kilomita 15 kwa saa, na ikibeba watu watatu utahisi uzito. Lakini kwa ndani ya creek, kijana wa miaka 17 na jamaa wa Jumapili, ningeichagua hiyo mbele ya farasi 90 isiyo na breki bila kusitasita. Ukikutana na Yamaha EX, soma vizuri model iliyoandikwa. Zipo zisizo na rivasi, zipo zenye rivasi ya kuvuta kwa mkono, na zipo zenye RiDE. Ile ya kuvuta kwa mkono ni ya gatini tu. Haijatengenezwa kupunguza mwendo, na anayeivuta akiwa kasi anaweza kuvunja vitu na kumwaga abiria.

Jinsi ya kuipima hiyo iliyotumika. Ufunguo ukiwa nje, shika kikombe ukitikise: mchezo mdogo ni kawaida, kikigongagonga bushi zimekwisha. Tazama kama kina nyufa au alama za kugonga mwamba, na angalia pembeni mwa impela kama kuna mikwaruzo mirefu ya mchanga, kwa sababu pampu iliyolika inapunguza msukumo wa kwenda na wa kusimama. Fungua kiti uone waya: plagi yenye rangi ya kijani ndani imeonja chumvi. Sasa washa na usikilize kikombe kikijongea. Sauti iwe moja, laini, isiyokwama. Halafu ingia majini. Muuzaji anayekataa majaribio ya majini amekwisha kukujibu. Jaribu fri, kisha rivasi, kisha breki kutoka kilomita 20, 40, na 60 kwa saa. Isikuvute upande mmoja kila unapobana ukiwa umenyoosha mikono, na isichelewe leo ikawahi kesho. Breki inayobahatisha ni mbaya kuliko kukosa breki, kwa sababu umeshaiamini.

Mazoezi ya kijana yafuate njia hiyo hiyo. Kwanza peke yake, jaketi imefungwa, kamba ya ufunguo kwenye jaketi au mkononi, maji yenye kina, na hakuna mtu wala chombo ndani ya mita 100. Mfundishe kwanza kukwepa bila breki, kwa kubaki na mafuta na kukata kona, kwa sababu siku moja ataazimwa jetiski ya rafiki isiyo na leva ya kushoto. Ndipo umfundishe breki, kutoka mwendo mdogo kwenda mkubwa, na mwisho akiwa na abiria mzima mmoja. Mwekee mwendo wa kutembea tu akiwa karibu na gati, nyavu, waogeleaji na mitumbwi. Breki ikimfanya akimbilie ufukweni kwa kujiamini na kusimama dakika ya mwisho, mnyang'anye ufunguo.

Kuna vitu sitaweza kukuamulia kutoka huku. Mota ya iBR ikibadilishwa, mfumo lazima usetiwe upya kwa programu ya Sea-Doo iitwayo BUDS2, na programu hiyo hiyo ndiyo inayosoma kumbukumbu za hitilafu. Kabla ya kutoa hela, tafuta fundi wa Mombasa au Kilifi mwenye kifaa hicho. Asikwambie tu kwamba anaijua mashine, akuonyeshe kifaa. Mlipe aje asome zote mbili. Atakuonyesha saa zilizotembea na makosa yaliyohifadhiwa, hata yale ambayo taa zake zimezimwa. Akikuta makosa ya iBR yanayojirudia, bei ya kurekebisha itoke kwa muuzaji, na majaribio ya majini yarudiwe baada ya matengenezo. Kama humpati fundi wa namna hiyo ndani ya umbali unaoweza kuvuta trela, na mashine haina waranti, hesabu yangu inabadilika: subiri nyingine, au uichukue yenye breki kwa bei ya isiyo nayo. Usajili na ukaguzi wa chombo uliza ofisi za Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na uombe karatasi za umiliki za zote mbili siku ile ile fundi anapokuja.